Kutayarisha Muratina kwa Usalama: Somo kwa Familia Zinazojiandaa kwa Ruracio

Msimu wa ruracio ukifika, mahema husimamishwa kila Jumamosi kuanzia Gatuanyaga hadi Gatongora, na katika kila kikao cha maandalizi kuna swali moja lisilokosekana: muratina ya wazee itatoka wapi? Zamani hilo halikuwa swali. Kila mbari ilikuwa na mzee aliyejua kazi hiyo, na waliokunywa walimjua kwa jina na kwa boma lake. Leo familia nyingi za mjini hupigia simu mtu aliyetajwa na mtu mwingine. Siku ya sherehe vidumu viwili vya lita 20 vinaletwa kwa bodaboda, dereva analipwa, anaondoka. Hakuna hata mmoja pale hemani awezaye kusema kilichomo ndani.

Somo hili linaeleza muratina hutengenezwaje, ni wapi hatari huingilia, na mwenye sherehe afanye nini kabla ya kutia asali katika maji. Hata asiyekusudia kuitengeneza mwenyewe atajua maswali ya kumuuliza anayemuuzia.

Kibali kwanza

Somo hili si kibali. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile wengi waliyoizoea kama Sheria ya Mututho, inakataza mtu kutengeneza au kuuza kileo bila leseni. Wengi husikia neno "kuuza" na kudhani kwamba cha nyumbani hakihusiki. Katazo linataja kutengeneza pia. Chini ya Katiba ya 2010, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti. Kwa hiyo kabla ya kununua asali, fika katika ofisi ya kaunti ndogo, Thika au Ruiru, uwaone wanaosimamia leseni za vileo. Waeleze ni sherehe gani, itafanyika lini na wapi, na unahitaji lita ngapi. Mjulishe na chifu wa eneo lako. Ukiambiwa haiwezekani, agiza kwa mtengenezaji aliye na leseni na udai uione leseni yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Anayetaka kuifanya kuwa biashara ana safari ndefu zaidi: leseni, viwango vya ubora vya KEBS, ushuru wa KRA, na afisa wa afya ya umma kukagua mahali pa kazi. Ni safari ya kuchosha, lakini kijana anayeikamilisha huuza mchana kweupe.

Kinachotokea ndani ya kibuyu

Muratina hutengenezwa kwa asali na maji, au kwa maji ya miwa, pamoja na tunda la mti ambao Waswahili huuita mwegea. Ni yale matunda marefu yanayoning'inia kama soseji. Kazi yenyewe hufanywa na hamira, viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo kiitwacho ethanoli, na gesi ya kaboni dayoksaidi. Mapovu unayoyaona juu ni gesi hiyo ikitoka.

Tunda la muratina halitoi kileo. Kazi yake ni kubeba hamira kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, kama vile mama wa nyumbani anavyobakiza maziwa lala kidogo ya jana ili agandishe ya leo. Ndiyo sababu tunda lililokwisha kutumika mara kadhaa huthaminiwa kuliko jipya. Tunda bichi lina sumu na haliliwi. Watoto waonywe wasilichezee jikoni.

Hesabu ya ukali wa pombe si ngumu, na inafaa kila mtengenezaji aijue. Katika kila lita, gramu 17 za sukari hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Chukua kilo moja na nusu ya asali, ambayo sehemu nne kati ya tano ni sukari, uichanganye na maji hadi ipatikane lita 10. Una gramu 120 za sukari kwa lita. Hamira ikiimaliza yote, utapata kileo cha asilimia 7 hivi, wakati bia ya kawaida ya chupa huwa na asilimia 4 hadi 5. Mzee anayesema muratina ni "maji ya asali tu" anakosea, na mara nyingi hugundua wakati wa kuinuka kitini.

Hamira ina kikomo chake. Kileo kinapozidi, hufa kwa kile ilichokitengeneza yenyewe, na pombe ya kuchachushwa nyumbani ni nadra kupita asilimia 15. Kwa sababu hiyo muratina halisi haiunguzi koo na haishiki moto. Ukiletewa inayounguza, jua kuna kitu kimeongezwa.

Pombe iliyoua watu haikuwa ya subira

Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walibaki vipofu. Mei 2014 balaa hilo lilirudi katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu yetu zikiwamo, likaua makumi ya watu. Februari 2024 likapiga Kirinyaga, katika kijiji cha Kangai. Kila mara tulizika, tukasikia msako umeanza, kisha tukasahau.

Methanoli ni kileo cha viwandani, hutumika kuyeyushia rangi na kemikali nyingine. Haina rangi. Harufu na ladha yake hukaribia sana zile za ethanoli, kiasi kwamba ulimi wa mnywaji mzoefu hauwezi kuitambua. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mililita 10, sawa na vijiko viwili vya chai, zaweza kupofusha mtu. Mililita 30 zaweza kumuua.

Ikiwa asali na hamira hazitoi methanoli ya kiasi cha kudhuru, inatoka wapi? Inaletwa na mtu mwenye haraka. Muratina huhitaji siku kadhaa, asali ni ghali, na wateja wako mlangoni. Mgema wa namna hiyo huongeza maji, kisha hurudisha ukali kwa spiriti aliyouziwa kwa mtungi na mtu asiyemjua. Huenda spiriti hiyo ni ethanoli, huenda ni methanoli. Yeye mwenyewe hajui, na pengine yeye ndiye wa kwanza kuonja. Kwa maoni yetu, hili ndilo jambo la kushikwa kuliko yote katika somo hili: aliyetengeneza pombe awe na uwezo wa kutaja kila kilichoingia chomboni na mahali alipokinunua. Akisitasita, usiwape wageni wako.

Tusichanganye muratina na chang'aa. Muratina huchachushwa na kunywewa ilivyo. Chang'aa hupatikana kwa kuchemsha pombe iliyochachuka na kuukusanya mvuke wake, kazi yenye moto, mvuke unaoshika moto, na kileo kikali kisichopimwa. Sheria ya 2010 ilifuta ile ya 1980 iliyopiga chang'aa marufuku kabisa, na tangu hapo kuna watu wanaodhani chang'aa ya nyuma ya nyumba imeruhusiwa. Haikuruhusiwa. Iliwekwa chini ya leseni kama vileo vingine. Hatufundishi kuichemsha hapa, na hakuna njia ya jikoni ya kuifanya iwe salama.

Vyombo na maji

Kibuyu bado ni chombo kizuri, mradi kiwe hakina nyufa wala ukungu. Asiye nacho atumie ndoo au kidumu cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo ya rangi haifai hata ukiisugua mara kumi. Kidumu cha dawa ya shamba, cha sabuni ya viwandani au cha mafuta ya gari kisiingie kabisa katika kazi hii. Mapipa ya mabati nayo yana hatari ambayo wengi hawaijui: pombe inayochachuka ina asidi, na asidi hiyo huyeyusha zinki iliyopakwa juu ya bati. Wanywaji hutapika na kuumwa tumbo, kisha lawama humwendea aliyepika nyama.

Osha kila kitu kwa sabuni na maji moto: mwiko, chujio, kitambaa, kikombe cha kuonjea. Suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu ya sabuni iishe. Anika juani. Uchafu mdogo unatosha kuigeuza pombe ya watu hamsini kuwa kitu cha kumwagwa.

Maji ya mfereji ya THIWASCO au RUJWASCO yana klorini, ambayo hudhoofisha hamira. Yachemshe yatokote vizuri kwa dakika chache, uyaache yapoe bila kufunikwa kabisa, na klorini itatoka. Maji ya kisima yachemshwe pia. Maji ya Chania au ya mto Ruiru yasitumike, hata yakionekana maangavu, kwa maana kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi kemikali zilizotoka mashambani na viwandani. Jambo la kando: kwa urefu tulio nao juu ya bahari, zaidi ya mita 1,500, maji yetu huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa nyuzi 95 hivi. Usiyatoe motoni mara tu uonapo povu la kwanza.

Kazi yenyewe, kwa lita 10

Tuanze na tunda. Lililoiva hupasuliwa kwa urefu, huchemshwa na maji yake kumwagwa ili ukali wa uchungu upungue, kisha hukaushwa juani. Baada ya hapo huloweshwa katika maji kidogo ya asali au ya miwa mahali penye joto kwa siku kadhaa, mpaka mapovu yaanze. Hutolewa, huanikwa tena, na sasa limeshika hamira. Ukipata vipande vilivyokwisha kutumiwa na mzee unayemwamini, kazi hii yote umeiruka. Ukinunua sokoni, vinuse. Kipande kizuri hunukia kama mkate na matunda makavu. Chenye ukungu wa kijani au mweusi ukiache hapo hapo.

Siku ya kuchanganya, pasha moto lita tatu za maji uliyoyachemsha, yawe ya vuguvugu, utie kilo moja na nusu ya asali na kukoroga hadi iyeyuke yote. Asali isichemke, maana harufu yake nzuri hupotea na mvuke. Mimina ndani ya chombo, ongeza maji yaliyopoa hadi lita 10. Weka mkono wako nje ya chombo. Ukihisi joto zaidi ya la mwili wako, subiri, kwa sababu hamira hufa katika maji ya moto. Yakishapoa, tumbukiza vipande viwili au vitatu vya tunda.

Wanaotumia miwa husaga na kukamua, huchuja kwa kitambaa, na hutumia maji hayo bila kuongeza sukari, kwa kuwa yanayo ya kutosha. Yafanyiwe kazi siku hiyo hiyo, kwani hayachukui muda kuharibika. Wengine hupunguza gharama kwa sukari nguru au sukari ya dukani. Pombe itapatikana, lakini itakuwa nyepesi mdomoni, na wazee wataitambua kwa tone la kwanza.

Sasa funika, lakini usifunge. Hapa ndipo vijana wanaojifunza hukosea zaidi kuliko popote. Kilo moja ya sukari hutoa zaidi ya lita 250 za gesi, na kidumu kilichokazwa kifuniko hupasuka kwa kishindo. Tandaza kitambaa safi mdomoni mwa chombo na ukifunge kwa kamba. Ukipenda njia bora zaidi, toboa kifuniko, pitisha mpira mwembamba, uzibe pembeni, na uutumbukize upande wa pili wa mpira katika chupa ya maji. Gesi itatoka ikibubujika, inzi na vumbi havitaingia, na kwa kuhesabu mapovu utajua hamira inafanya kazi au imelala. Chombo kiwe katika chumba chenye dirisha. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na katika chumba kidogo kilichofungwa, penye mapipa mengi, humwishia mtu pumzi kabla hajajua.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 20 na 30. Januari na Februari, Thika haina shida. Julai ndiyo mwalimu mkali. Usiku wa baridi hamira hulala, na mwenye sherehe huamka asubuhi akidhani pombe imekataa. Haijakataa. Isogeze karibu na meko, si juu yake, au izungushie blanketi. Wazee waliweka vibuyu pembeni mwa moto kwa sababu hii hii.

Muratina ya miwa yaweza kuwa tayari baada ya siku moja hadi tatu. Ya asali hukawia zaidi, pengine wiki, hasa wakati wa baridi. Hesabu siku zako kurudi nyuma kutoka Jumamosi ya sherehe, uongeze mbili za dharura. Onja kwa kikombe safi kila siku. Mwanzoni ni tamu tupu, kisha utamu hupungua na uchachu wa kupendeza huingia. Ikifika panapowafaa wazee wako, toa vipande vya tunda, chuja, na uweke mahali pa baridi. Haijaacha kuchachuka, kwa hiyo usiitie katika chupa za kukazwa.

Povu jeupe na harufu ya hamira ni dalili njema. Ukungu wenye rangi, utelezi kama ute, au harufu ya kuoza ni sababu ya kumwaga yote, hata kama asali ilikugharimu. Usiokoe iliyoharibika kwa kuichemsha wala kwa kuongezea kitu.

Majirani zetu wa Ukambani, ambao Thika imewapokea tangu zamani, wana uki wao wa asali na miwa, na wakazi wengi wa Ruiru waliotoka magharibi wanaijua busaa ya mahindi na kimea cha wimbi. Vitu vinavyochachushwa ni tofauti. Chombo, maji, muda na kibali ni vile vile.

Siku ya sherehe

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wagĩkũyũ, alieleza nafasi ya pombe katika sherehe za kimila. Ilikuwa ya wazee, kwa sababu maalumu. Siku hizi jagi huzunguka hema lote. Teueni mtu mmoja asiyekunywa asimamie kumimina. Aliye chini ya miaka 18 asipewe, na huo si ushauri tu, ni sheria. Mama mjamzito asipewe. Anayetumia dawa za kisukari, za kifafa au metronidazoli aambiwe mapema na aheshimiwe akikataa. Aliyekuja na gari akabidhi ufunguo kwa mwingine kabla ya kikombe cha kwanza, maana barabara ya Thika haina huruma usiku.

Kabla ya kumimina, jaza chupa ndogo safi ya nusu lita kutoka kila chombo. Andika tarehe na jina la aliyetengeneza, uiweke kwenye friji, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kwa siku tatu. Fanya hivyo hata kwa pombe uliyonunua, na hasa kwa hiyo. Mtu akiugua, chupa hiyo itawasaidia madaktari kuliko maelezo ya watu kumi.

Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24. Mtu hulala akiwa sawa, huamka na kichwa kinachogonga, kutapika, maumivu ya tumbo, na macho yanayoona ukungu au mwanga mweupe. Wengi huita hali hiyo uchovu wa pombe na kumwacha alale. Asiachwe. Mpeleke mara moja Thika Level 5, Ruiru Level 4 au hospitali iliyo karibu, useme alikunywa nini na saa ngapi, bila kuficha kwa kuogopa polisi. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia methanoli isigeuke kuwa asidi, na figo za mgonjwa zaweza kusaidiwa kwa mashine kuisafisha damu. Maziwa, maji ya ndimu na kumtapisha nyumbani huchelewesha tu. Wapigie na wengine mliokunywa nao, hata walio salama bado.

Itakayobaki isiyonyweka tena si lazima imwagwe, ikiwa ni ile uliyotengeneza mwenyewe na haina dalili za kuharibika. Iache katika chombo cha mdomo mpana, juu yake kitambaa, kwa wiki kadhaa. Vijidudu vingine vitakigeuza kileo kuwa siki, na siki ya asali katika kachumbari haina mpinzani. Vipande vya tunda navyo vikung'ute, visiguswe na sabuni, vianike juani siku mbili tatu hadi vikauke kabisa, kisha uvitie ndani ya kiondo na kukitundika mahali pakavu. Dada mdogo wa bibi harusi atavihitaji.